Mkono Kwenye Mshipa, Jicho Kifuani

Katika yote anayofundishwa mwanafunzi wa uuguzi wiki zake za kwanza chuoni, liko jambo dogo ambalo ukishalijua huachi kulifikiria. Anaambiwa amshike mgonjwa kifundo cha mkono, ahesabu mapigo ya moyo, na akimaliza asiuachie mkono. Auache pale pale, vidole juu ya mshipa, saa mbele yake, kama mtu ambaye bado yuko kwenye mapigo, kumbe sasa anahesabu kitu kingine: kifua kinavyopanda na kushuka. Sababu yake ni kwamba pumzi ni kazi ya mwili ambayo mwenyewe anaweza kuiingilia. Mwambie mtu unahesabu anavyopumua, papo hapo ataanza kupumua vingine, taratibu zaidi au kwa nguvu zaidi, na namba utakayoondoka nayo haitakuwa yake. Basi mkono unabaki kwenye mshipa ili mgonjwa asahau kifua chake. Kijana wa miaka 18 au 19, ambaye juzi tu alikuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, anatakiwa mkono wake uonyeshe hili, jicho lifanye lile, na kichwa kitunze namba mbili zisigombane, 88 ya moyo na 22 ya pumzi, huku uso wake ukiwa mtulivu kiasi cha kumtuliza anayetazamwa. Huu ni ufundi mkubwa, nao unafundishwa mapema mno kiasi kwamba wengi wanaudhani ni wa kitoto.

Mengine ya miezi hiyo yanajulikana. Mwanafunzi ameingia na ufaulu wake wa Kemia, Biolojia na Fizikia, amelipa ada, ameshona sare, na amekutana na majina ya mifupa na misuli kwa Kiingereza, asubuhi hadi jioni. Kuna mdoli wa kufanyia mazoezi kwenye chumba cha vitendo, kuna hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani, na kuna hofu kubwa zaidi ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Ushauri anaopewa na waliomtangulia ni wa aina moja: soma sana, usikose kipindi, tafuta kikundi cha majadiliano, vumilia. Ushauri huo ni mzuri, lakini naona umeacha kitu kinachomvusha kweli. Kinachomfanya mwanafunzi abaki ni kugundua, mapema, kwamba anaweza kumtazama mgonjwa na kuona jambo ambalo wengine hawajaliona. Dakika ile moja ya kuhesabu pumzi ndiyo mahali pa kwanza ambapo ugunduzi huo unawezekana. Nayo ndiyo dakika ya kwanza kunyang'anywa mara anapofika wodini.

Tazama hesabu yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumhudumia mtoto mgonjwa, unaotumika Tanzania tangu miaka ya 1990, unasema pumzi za mtoto zihesabiwe dakika nzima, naye akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mtoto wa chini ya miezi miwili anapumua kasi akifikisha 60. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Namba hizo ndizo humfanya mhudumu wa zahanati, asiye na eksirei wala maabara, aamue kama kikohozi hiki ni mafua au nimonia. Sasa mchukue mwanafunzi mwenye haraka anayehesabu sekunde 15 kisha anazidisha kwa nne, kama alivyomwona mwenzake akifanya. Mtoto wa miaka miwili akihesabiwa pumzi 9, jibu ni 36, na anarudishwa nyumbani. Zikihesabiwa 10, jibu ni 40, na anapewa dawa ya nimonia. Pumzi moja iliyopita wakati jicho limepepesa imebadilisha safari ya mtoto. Ukihesabu dakika nzima, kosa la pumzi moja linabaki kuwa kosa la pumzi moja.

Florence Nightingale, ambaye wauguzi humkumbuka kila Mei 12, aliyaona haya kabla ya miongozo yote. Shule iliyoanzishwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, ilianza na wanafunzi 15, na katika kitabu chake kuhusu uuguzi kilichotoka wakati huo huo alitenga sura nzima kwa ajili ya kumwangalia mgonjwa. Sauti yake humo ni kali. Somo la vitendo lenye uzito kuliko yote, anashikilia, ni kumfundisha muuguzi aangalie nini na aangalie vipi, na asiyeweza kujijengea tabia hiyo ni heri atafute kazi nyingine, hata kama ana moyo mwema. Hapendi maswali ya jumla. Ukimuuliza mtu kama mgonjwa amelala vizuri, anasema, hujajua lolote, kwa kuwa kwa mmoja kulala vibaya ni kukosa saa kumi za usingizi na kwa mwingine ni kukesha usiku kucha. Uliza amelala kwa muda wa saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Anaonya pia dhidi ya kukusanya habari kwa ajili ya kuwa nazo tu, maana uangalizi kwake una kazi moja, kuokoa uhai na kumpa mtu nafuu. Ninachokipenda katika ukali huo ni kwamba hamdai mwanafunzi akili nyingi. Anamdai uangalifu, na uangalifu anaweza kuwa nao hata yule aliyepata D.

Yupo atakayesema huyo ni mwanamke wa Uingereza wa karne ya 19, na wodi zetu zina mambo yake. Ni kweli, na jambo kubwa katika hayo ni lugha. Mgonjwa wetu hasemi kwamba kasi ya upumuaji wake imeongezeka. Anasema anahema, au anatweta, au pumzi zinamkatika, au kifua kimembana hewa haifiki chini. Mama aliyembeba mtoto atasema mbavu zinaingia ndani, atasema mwanawe tangu jana anapumulia tumbo. Hayo ni maelezo ya kitaalamu. Kutweta na kuhema havilingani, na mbavu kuingia ndani ni dalili ya hatari ambayo vitabu vya watoto vinaitafuta kwa bidii. Mwanafunzi amekuja chuoni na maneno hayo kutoka kwao. Kisha anafundishwa kwa Kiingereza, anaandika faili kwa Kiingereza, anakabidhi zamu kwa lugha mbili zilizochanganywa, na katika kuhama huko maneno ya mama yanadondoka njiani. Kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza chake bado ni cha kuungaunga, namba ndiyo kitu pekee anachoweza kukitoa kitandani na kukifikisha kwenye faili bila kuhitaji kutafsiri. Thelathini na nne ni thelathini na nne kwa mgonjwa, kwa sista na kwa daktari. Kumpokonya dakika ya kuipata namba hiyo ni kumpokonya sentensi yake ya kwanza katika taaluma.

Na anapokonywa. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Australia lilichapisha makala iliyouita upumuaji kipimo kilichopuuzwa, na tatizo hilo limeandikwa katika nchi tajiri na maskini. Chati zinajaa namba zinazofanana, 18 na 20, 20 na 20, mgonjwa baada ya mgonjwa, kana kwamba wodi nzima imekubaliana kupumua pamoja. Hapo ndipo jambo linapotisha. Chuo cha madaktari cha Royal College of Physicians cha Uingereza kilitoa mwaka 2012 mfumo wa alama za kumtambua mapema mtu mzima anayezidiwa. Pumzi 12 hadi 20 hupata sifuri, yaani hakuna wasiwasi. Zikifika 25 mgonjwa hupata alama tatu, kiwango cha juu kabisa kwa kipimo kimoja. Angalia basi 20 iko wapi: ni namba ya mwisho kabisa isiyomwamsha mtu. Anayeiandika kwa mazoea, pasipo kuangalia kifua, ameandika kwamba mgonjwa huyu asisumbuliwe.

Wauguzi walio kazini watajibu kwamba wodi ina wagonjwa zaidi ya thelathini na wao ni wawili, na hakuna anayelala kwenye zamu hiyo kwa uvivu. Wana haki kusema hivyo, na anayewalaumu aende akasimame nao usiku mmoja. Lakini wagonjwa thelathini kwa dakika moja kila mmoja ni nusu saa, na mwenye nusu saa hiyo wodini yupo. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye hajaruhusiwa kuchoma sindano peke yake wala kugawa dawa, na ambaye mara nyingi hutumwa kuleta maji au kupeleka sampuli kwa sababu hakuna aliyekumbuka kazi aliyojifunza vizuri. Wengine hutaja mashine. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni husoma oksijeni na mapigo. Pumzi hakizihesabu, na mgonjwa anaweza kuhema kwa shida muda mrefu huku oksijeni ikionekana njema, kwa kuwa kule kuhema ndiko kunakoishikilia.

Pingamizi linalonipa taabu zaidi ni jingine: kwamba kumtazama mgonjwa kwa karibu hivyo kutamvunja kijana huyu, na kwamba ni afadhali aanze na kazi za orodha, vitanda, joto, presha, mpaka moyo ukomae. Mtafiti Isabel Menzies aliichunguza hoja hii katika hospitali moja ya kufundishia jijini London na kuchapisha matokeo mwaka 1960. Aliona wodi zilivyogawa kazi vipande vipande, mwanafunzi akifanya jambo moja kwa wagonjwa wengi na kuhamishwa kabla hajamzoea yeyote, na wagonjwa wakitajwa kwa kitanda au kiungo kinachougua. Mpangilio huo ulikusudiwa kuwakinga wauguzi na hofu. Haukuwakinga. Takriban theluthi moja ya wanafunzi hawakumaliza mafunzo, wengi wakiondoka kwa hiari yao, na Menzies aliona kwamba waliokomaa zaidi ndio walioumizwa zaidi na mpangilio huo. Tanzania ya leo ina mambo mengi yasiyofanana na London hiyo, ila orodha ya kazi inafanana, na "mgonjwa wa kitanda namba sita" anafanana pia. Pengine kifo cha kwanza anachokishuhudia mwanafunzi kitamuumiza zaidi kama alikaa na mgonjwa huyo dakika nzima. Sidhani hilo lina jibu jepesi. Ninachokiona ni kwamba aliyeandika 20 bila kuangalia, na asubuhi akakuta kitanda kimetandikwa upya, naye amebeba kitu, tena hana wa kumwambia.

Linabaki swali ambalo miongozo hailigusi. Mwanafunzi yuko wiki yake ya kwanza wodini. Ameshika mkono, ametazama kifua, amehesabu dakika nzima, akarudia kwa sababu hakujiamini, na mara zote mbili imekuja 34. Anafungua chati. Mistari mitatu iliyotangulia inasema 20, 20, 20, na saini ni za muuguzi yule yule atakayemjazia fomu ya tathmini mwisho wa mwezi. Wenzake wameshamaliza vipimo vyao na wanamsubiri mlangoni. Kalamu anayo mkononi.