MTI WA MPAKANI, MEZA YA MJINI

Wakulima wengi katika skimu za makazi wamepanda grevilea na saipresi katika mipaka ya mashamba yao. Karo ya shule ikifika, mwenye shamba humwita mnunuzi, naye huununua mti ungali umesimama. Baada ya siku chache mbao zake zinauzwa mjini zikiwa mbichi. Mkulima amepata fedha kidogo, na mti aliotunza miaka mingi umekwisha.

Mti huo ungeweza kumpa zaidi kama angezikausha mbao mwenyewe kabla ya kuuza.

Soko lipo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mafundi wengi waligeukia miti ya mashambani. Tena, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa mwaka 2024, na kila nyumba inayojengwa mjini yahitaji milango, vitanda, meza na kabati.

Kwa nini mbao mbichi ni hasara? Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Maji yakitoka, ubao hupungua upana, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Meza iliyoundwa kwa mbao mbichi hupendeza siku ya kununuliwa. Lakini ikikaa miezi michache katika chumba chenye joto chini ya mabati, viungo hulegea, uso hupasuka, na droo hukataa kufungika. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huzilaumu mbao, na siku nyingine hanunui tena kwako.

Basi, fanya hivi:

1. Mara tu gogo linapopasuliwa, paka rangi nzito katika ncha za kila ubao. Maji hutoka upesi sana nchani, na hapo ndipo nyufa huanzia.

2. Tengeneza kitako cha mawe au magogo, chenye kimo cha futi 1 na nusu hivi, ili unyevu na mchwa wasifikie mbao.

3. Panga mbao kwa tabaka. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila futi 2. Vijiti vyote vifuatane wima kutoka chini mpaka juu, la sivyo mbao zitapinda.

4. Ezeka juu kwa mabati makuukuu na uweke mawe mazito. Pande ziachwe wazi upepo upite, lakini jua kali lisizipige mbao.

Mbao za unene wa inchi 1 huchukua miezi kadhaa kukauka, na zaidi mahali penye baridi na ukungu kama Kinangop. Usikisie. Chagua kipande kimoja cha ubao kutoka katika rundo, kipime kwa mizani kila wiki, uandike uzito wake, kisha ukirudishe mahali pake. Uzito ukikoma kupungua wiki baada ya wiki, mbao zimekauka kadiri hewa ya mahali pako inavyoweza kuzikausha.

Fundi seremala mwema atazifurahia mbao hizo. Ataunga miguu ya meza kwa tundu na ulimi badala ya kutegemea misumari peke yake. Katika mlango wa kabati atauingiza ubao wa katikati ndani ya mfuo bila kuutia gundi, ili upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Na grevilea ikipasuliwa kuelekea moyo wa gogo, huonyesha madoa mazuri yanayong'aa kama hariri. Mwulize mpasuaji kama aweza kukupasulia hivyo.

Jambo la mwisho. Kabla ya kukata au kusafirisha mbao, uliza ofisi ya misitu iliyo karibu nawe kuhusu kibali. Usingoje siku ya karo ndipo ukate. Kata mti mmoja mapema, ukaushe mbao zake, na pale ulipokata panda miche miwili. Karo ikifika, utakuwa na mbao kavu bandani, nawe utaweza kukataa bei ya mnunuzi wa kwanza.