Injini Nayo Husikia Kiu

Wanafunzi wenzangu, karibu kila mmoja wetu amewahi kutumwa kisiagini na debe la mahindi, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza lile pipa la maji kando ya injini ni la nini. Wengine hudhani ni maji ya kunawa mikono! La hasha, hayo ndiyo uhai wa injini yenyewe.

Injini ya dizeli huchoma mafuta ndani ya silinda. Joto lile lisipoondolewa, pistoni huvimba ikakwama. Kwa hivyo silinda huzungushiwa maji. Paipu ya chini huleta maji baridi kutoka kwenye pipa, na ya juu huyarudisha yakiwa moto. Injini nyingi za zamani hazina pampu ya maji. Maji huzunguka yenyewe kwa kuwa yale ya moto ni mepesi, jinsi tulivyosoma katika Fizikia kidato cha kwanza. Lakini maji yakishuka chini ya mdomo wa paipu ya juu, mzunguko hukatika papo hapo, hata kama pipa limejaa nusu.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Bungoma, iliyo chini kidogo, ni kama nyuzi 95. Maana yake ni kwamba pipa letu huanza kutoa mvuke mapema kuliko pipa la Mombasa, na ni lazima liongezwe maji mara kwa mara.

Sasa, yaongezwe kutoka wapi? Kuanzia Desemba hadi Februari tangi la mvua hukauka, na mfereji nao una siku zake za kukohoa hewa tu. Wenye mashua wanajua taabu hii. Injini za mashua za Ziwa Victoria huvuta maji ya ziwa kupitia vitundu vidogo, na gugu maji au takataka zikiziba vitundu hivyo, injini huchemka katikati ya ziwa. Ndiyo maana baadhi ya mashua zenye injini ndani huwekewa njia mbili za maji, kila moja na vali yake. Moja ikiziba, hufungwa na nyingine hufunguliwa.

Kisiagi pia chaweza kufanyiwa hivyo. Paipu ya tangi la mvua na paipu ya pipa la akiba lililoinuliwa juu ya mawe hukutana kwenye kiungo cha umbo la T. Kila paipu iwe na vali kabla ya kiungo hicho, na baada yake kuwe na chujio, maana maji ya Nzoia wakati wa mvua ni tope tupu. Vali zote mbili zisiachwe wazi pamoja, la sivyo maji ya chombo kilicho juu yatateremka hadi kwenye kile cha chini, na maji ya mtoni yatachafua yale ya mvua tunayokunywa.

Maji ya mfereji wa mji nayo yasiunganishwe moja kwa moja na pipa la injini. Hapa sitanii! Nguvu ya maji ikipungua, paipu yaweza kuvuta nyuma maji yenye oili mpaka kwenye mifereji ya majirani. Mdomo wa mfereji ubaki juu ya pipa, na nafasi ya hewa isiyopungua mara mbili ya upana wa paipu, maji yaanguke tu.

Na injini ikishachemka, mtu asikimbilie kufungua vali ya maji baridi. Izimwe kwanza, ipoe. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi ghafla, kichwa cha injini hupasuka. Mwaka jana kisiagi kimoja jirani na shangazi yangu kule Bungoma kilipasuka hivyo hivyo, na kwa wiki tatu akina mama walibeba mahindi kichwani hadi soko la pili.