Msumeno Mkubwa wa Kupasulia Mbao: Pima Gogo Kabla ya Kupima Injini

Katika kata nyingi za Mkoa wetu wa Njombe, miti ndiyo akiba ya kaya. Ada za shule, matibabu na mabati ya nyumba hutoka katika paini na milingoti iliyopandwa miaka kumi au kumi na tano iliyopita. Mkulima anayeuza miti ikiwa bado imesimama hulipwa kwa makadirio ya macho, na macho ya mnunuzi hayajawahi kukosea kwa faida ya muuzaji. Ndiyo maana vikundi vya vijana hutamani kumiliki msumeno wa mnyororo, ambao wengi wetu tunauita chenisoo, ili wapasue wenyewe na kuuza mbao badala ya kuuza miti.

Nia hiyo ni njema, na mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) unaweza kuisaidia. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Kikundi kikinunua msumeno usiolingana na miti yake, deni litaendelea kudaiwa hata baada ya injini kunyamaza. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla andiko la mradi halijafika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Jambo la kwanza halihusu msumeno hata kidogo. Chukueni kamba, muizungushe kwenye mti kwa kimo cha kifua, mpime urefu wake kwa futi ya fundi, kisha mgawanye kwa 3.14. Jibu ndilo kipenyo cha mti. Fanyeni hivyo kwa miti hamsini katika mashamba mnayotarajia kuyahudumia, na mwandike kila kipimo. Mkikuta miti mingi ina sentimita 20 au 25, msumeno mkubwa si chombo chenu. Magogo ya namna hiyo hupasuliwa kwa haraka na kwa hasara ndogo zaidi na mashine za dingidongi zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba, na kikundi kitanufaika zaidi kwa msumeno mdogo wa kuangushia miti na kuikata vipande.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Mnyororo mzito wa kupasulia hula mbao kwa upana wa karibu milimita 9 kila unapopita, ilhali mashine ya msumeno wa utepe hula milimita 2 au 3 tu. Ukipasua mbao za inchi moja, yaani milimita 25, kila mbao huambatana na mkato wa milimita 9. Mbao tatu zinapotoka, unene wa mbao ya nne umekwisha kuwa maranda chini ya miguu yako. Robo nzima ya mti uliotunzwa kwa miaka kumi na mitano! Ukipasua mbao za inchi mbili, hasara hushuka hadi karibu sehemu moja ya saba. Kwa hiyo kazi halali ya msumeno huu ni vipande vinene: mihimili, nguzo za nne kwa nne, mbao za mbili kwa sita, na vipande vipana vya meza na milango ambavyo fundi seremala huvilipia vizuri.

Iko pia miti ambayo hakuna mashine nyingine inayoifikia. Wakazi wa miteremko ya Makete na Ludewa wanaifahamu: mlingoti wa zamani wenye kipenyo cha sentimita 60 au 70, ulioota mahali ambapo trekta halishuki na gogo halipandi hata likisukumwa na watu ishirini. Hapo msumeno hulifuata gogo, na mbao hupanda mlima moja moja mabegani. Kikundi chenye miti ya aina hiyo kina haki ya kufikiria msumeno mkubwa.

Ukubwa gani? Kupasua gogo kwa urefu ni kazi tofauti na kulikata kwa kukingama. Ukikata kwa kukingama, injini hunguruma sekunde chache kisha hupumzika. Ukipasua gogo la mita nne, hufanya kazi kwa nguvu zake zote dakika kadhaa mfululizo, katika kila mbao, kutwa nzima. Msumeno wa cc 50 unaofaa kabisa kwa kuni utaungua kwa kazi hiyo. Kwa magogo ya mti laini yasiyozidi sentimita 40, anzieni cc 70. Kwa sentimita 50 hadi 60, tafuteni cc 90 au zaidi kidogo. Kwa makubwa kuliko hayo, hasa ya mti mgumu, ndipo inapohitajika misumeno ya cc 105 hadi 122, kama vile STIHL MS 880 au Husqvarna 3120 XP.

Vipimo hivyo hutolewa kwa hewa nzito ya nchi za chini, nasi hatuishi huko. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo msumeno wa cc 90 huku kwetu hufanya kazi kama wa cc 72. Anayesitasita kati ya saizi mbili achukue ile ya juu. Kabureta nayo hurekebishwa kwa hewa ya mahali. Msumeno uliorekebishwa milimani kisha ukapelekwa mwambao wa Ziwa Nyasa, usiofika hata mita 500, hupokea petroli kidogo kuliko inavyostahili. Petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha pistoni, hivyo injini hukauka, hupata joto na kukwama. Kikundi kinachopokea kazi juu na chini ya Ludewa kiwe na fundi anayejua kurekebisha kabureta, au kisiteremke.

Urefu wa upanga, yaani ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo, hufuata kipenyo cha gogo, lakini fremu ya kupasulia hula sentimita 10 hadi 15 za urefu huo kwa vibanio vyake. Gogo la sentimita 50 hutaka upanga wa sentimita 75. Wa sentimita 63 utalipita kwa shida.

Na fremu yenyewe msiione kuwa anasa. Wapasuaji wengi hufuata mstari wa uzi kwa mikono mitupu. Wapo mahodari sana, lakini mbao ya mkono mtupu mara nyingi huwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na mnunuzi wa Makambako huilipia kwa kipimo cha upande mwembamba. Fremu huteleza juu ya ngazi au ubao ulionyooka uliopigiliwa juu ya gogo kwa mkato wa kwanza, kisha juu ya uso uliokwisha kupasuliwa. Unene hauhamihami. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa vyuma vya mraba. Katika bajeti, fremu itangulie kuandikwa kabla ya upanga wa akiba.

Mnyororo unaouzwa pamoja na msumeno kwa kawaida umenolewa kwa nyuzi 30, ambazo ni za kukata kwa kukingama. Wa kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10 hivi. Hukata polepole kidogo lakini huacha uso laini na hauichoshi injini. Nunueni minyororo miwili au mitatu na tupa zake, na munoe kila tangi la mafuta linapokwisha. Msumeno unaohitaji kusukumwa kwa kifua tayari ni butu. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari isimiminwe katika tangi la kulainishia mnyororo, ingawa wengi hufanya hivyo: vumbi la chuma lililomo humaliza pampu na upanga.

Sokoni mtaonyeshwa sana STIHL 070 ya cc 106. Ni msumeno wa muundo wa zamani, mvumilivu, na vipuri vyake si adimu. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, nyingi kati ya tunazoziona hazina breki ya mnyororo wala mpira wa kupunguza mtetemo, na mtetemo wa miaka huua ganzi vidole vya mwendeshaji. Zipo pia nakala zake nyingi zenye rangi ileile na herufi zilezile kwa bei ya chini mno. Msumeno wa kikundi, utakaoshikwa na mikono mitano tofauti, uwe na breki. Ncha ya juu ya upanga ikigusa tawi, chombo cha kilo zaidi ya 10 huruka kuelekea usoni kabla mtu hajapepesa jicho. Kofia yenye kinga ya uso na masikio, suruali yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo na buti za chuma viandikwe katika andiko la mradi kwa bei zake, si kwa maneno “vifaa vingine”.

Kabla ya kununua, wasilianeni na Afisa Misitu wa Wilaya kuhusu vibali vya kumiliki msumeno na kuvuna, maana Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inahusu pia miti ya shambani inapoingia sokoni, na mbao haziondoki bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Gari lililokamatwa kizuizini hula faida ya mwezi mzima.

Kwa wanaonunua uliotumika: uwasheni ukiwa baridi, si ule ambao muuzaji ameuwasha kabla hamjafika. Vuteni kamba polepole msikie kama unakaza. Kisha ombeni bomba la moshi lifunguliwe, mmulike ndani kwa tochi. Pistoni iliyo nzima huonekana laini. Yenye mikwaruzo ya kusimama imekwisha kukauka mara moja, na itarudia mkiwa msituni.