Kabla ya kuuzisha sanduku la koko: namna ya kutambua kitu cha zamani

Katika kartiye zetu kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama tuna kiti cha zamani, sanduku la zamani, hata mlango wa zamani. Mara nyingi wanakuja wakati mambo ni magumu: minerval ya watoto haijalipwa, baba hana kazi, au familia imekimbia na inataka kupunguza mizigo. Wanatoa franka kidogo, wanabeba, wanaenda. Kwa upande mwingine, kuna wenye kutuuzishia meza wakisema ni ya wakati wa Wabelgiji, kumbe imetoka kwa seremala mwaka jana.

Katika hali zote mbili, anayepoteza ni yule asiyejua kutazama. Basi leo tujifunze kutazama.

Vitu hivi vilitoka wapi?

Wengi wanafikiri kwamba vyombo vizuri vya mbao vililetwa kwetu na wakoloni. Sivyo. Warega, kwa mfano, wana viti vifupi vya chama cha Bwami, ambavyo kila kimoja kilihusu cheo cha mwenyewe. Waluba walichonga viti vinavyobebwa na sura ya mwanamke, kwa sababu kwao ukoo wa kifalme ulisimama juu ya mama.

Kutoka mashariki vilikuja vitu vya Waswahili, kwa njia ya Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Jeshi la Leopold II lilipoteka Kasongo mwaka 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nalo, aliandika kwamba hata askari wa kawaida walilala juu ya vitanda vya kuchongwa. Utajiri ule ulijengwa juu ya pembe za ndovu na watumwa, tusisahau. Lakini kazi ya fundi ilikuwa kazi ya kweli.

Unguja yenyewe inajulikana kwa milango yake. Ile ya mtindo wa zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka juu. Ile yenye upinde juu, na maua mengi, ilikuja baadaye, karne ya 19 ikielekea mwisho, kwa mtindo wa Wahindi. Utaona mnyororo, samaki, mitende, na misumari mikubwa ya shaba. Milango hiyo haikushikwa na bawaba kama yetu: ilizunguka juu ya ncha ya mbao iliyoingia ndani ya tundu. Ukiona mlango «wa zamani wa Unguja» usio na alama yoyote ya ncha hiyo, uliza maswali.

Na Wachina? Bahari ya Hindi ilileta sahani zao pwani tangu karne nyingi, na pia masanduku ya mbao ya kafuri, ambayo harufu yake inafukuza wadudu. Mafundi wa China walisifiwa kwa kuunga mbao bila misumari: ulimi wa ubao mmoja unaingia ndani ya tundu la mwingine, na kiti kinasimama miaka mamia. Leo vyombo vingi vinavyofika Goma kutoka kule ni vya unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Vinang’aa, lakini vikinyeshewa mara moja vinavimba.

Alama sita za kutazama

1. Geuza kitu. Mbele kunaweza kudanganya, chini na nyuma ni vigumu. Mbao ya zamani ambayo haikupakwa vernis inakuwa kavu na ya kahawia. Ikiwa chini ni nyeupe kama ubao wa sokoni, kitu ni kipya.

2. Pitisha mkono. Randa ya mkono inaacha mawimbi madogo unayoyasikia kwa vidole. Msumeno wa mashine wa duara unaacha mistari iliyopinda kama upinde. Ukiona mipinde hiyo, kuna mashine iliyopita hapo.

3. Tazama visi. Visi vyenye alama ya msalaba kichwani vilianza kuenea katika miaka ya 1930. Meza inayosemwa kuwa ya mwaka 1900 yenye visi vya msalaba, ama ilitengenezwa upya, ama mwuzishaji anasema uongo.

4. Pima kwa mita ya fundi wa kushona. Mbao inapokauka inapungua kwa upana, si kwa urefu. Kwa hiyo meza ya duara ya zamani sana, ya mbao kamili, si duara kamili tena: upande mmoja unazidi mwingine kidogo.

5. Tafuta uchakavu mahali pake. Kiti kinalika mahali pa mikono na miguu. Mtoto wa meza unalika chini, anapovutwa. Ukiona kimekwaruzwa sawasawa kila mahali, mtu amekizeesha kwa makusudi.

6. Tazama ukingo. Kwenye triplex utaona tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja. Libuyu na muvula wa kweli wana mistari inayoendelea kutoka juu hadi ukingoni.

Alama moja peke yake haitoshi. Zikikubaliana tatu au nne, hapo unaweza kuamini.

Usiharibu bei yako mwenyewe

Mama anayetaka kupendeza kitu kabla ya kukiuzisha anakikwangua kwa papye ya vere, kisha anakipaka vernis mpya. Hapo ameondoa ngozi ambayo mnunuzi anailipia. Pangusa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kisha kausha mara moja. Misumari ya shaba iache na rangi yake. Wakati wa mvua, weka sanduku juu ya mawe au vipande vya mbao, lisiguse sakafu yenye unyevu. Ukiona unga mpya chini ya matundu madogo, wadudu wangali ndani: tenga kitu hicho na vingine, umwite seremala.

Kuna kitu kisichouzishwa na mtu mmoja

Kiti cha ukoo, fimbo, kinyago si kama kabati. Ukoo una neno juu yake, na serikali pia: tangu 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Kabla kitu cha namna hiyo hakijavuka Petite Barrière, uliza kwanza wazee, halafu ofisi ya utamaduni ya jimbo. Tunajua gharama ya kutouliza. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina vitu zaidi ya 80,000 kutoka Kongo. Mwaka 2022 mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, na hata hicho kilikuja kwa jina la mkopo.

Sisi wa Goma tunajua pia kupoteza kwa njia nyingine. Mwaka 2002 na mwaka 2021 Nyiragongo ilishuka, na kilichobaki ndani ya nyumba nyingi hakikuonekana tena. Kitu kilichoungua bila kuandikwa popote, watoto hawatajua kamwe kwamba kilikuwepo.

Kwa hiyo, kikundi chenu kinapokutana kwa likelemba, fanyeni hivi. Chukueni kaye moja. Kila mama aandike kitu kimoja cha zamani cha kwao: kilitengenezwa na nani, kwa mbao gani, kilitoka kijiji gani, nani alikirithi. Apige picha mbele, nyuma na chini. Picha moja ibaki kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Kazi hiyo haigharimu kitu. Na siku ambayo shida italazimisha kuuzisha, mama atakaa mbele ya mnunuzi akijua alichonacho, na bei ataisema yeye kwanza.