Kompyuta ya nyumbani: Kununua mpya, kuhamia Mac au kuweka Linux?

Na Mwandishi Wetu

TANGU Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa mfumo endeshi wa Windows 10, familia nyingi zenye kompyuta nyumbani zimejikuta zikikabiliwa na uamuzi ambao hazikuuwekea bajeti. Kompyuta inawaka kama ilivyowaka jana, barua zinachapwa na watoto wanafanya kazi zao za shule, lakini kioo kinaonyesha ujumbe kwamba mashine hiyo haikidhi vigezo vya kupewa Windows 11.

Maswali yanayofuata hayatofautiani sana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Je, inunuliwe kompyuta mpya? Kama ni kununua, kwa nini isiwe Mac ya kampuni ya Apple, ambayo sifa zake zinasikika kila mahali? Au ile ile iliyopo iondolewe Windows na kuwekwa Linux, mfumo usiouzwa?

Mfumo endeshi ni programu mama inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Ndani yake hugunduliwa kasoro kila mwezi, na kasoro hizo ndizo milango ya wezi wa mitandaoni. Masasisho ni kazi ya kuziba milango hiyo. Yanapokoma, kompyuta haizimiki wala haipungui kasi. Kinachobadilika ni kwamba mlango utakaogunduliwa kesho hautakuwa na wa kuufunga.

Madhara yake si ya kufikirika. Mei 12, 2017 kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilisambaa duniani ndani ya saa chache, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ya dola 300 za Marekani ili kuyafungua. Nchini Uingereza hospitali za umma zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa, na inakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Ziba ya mlango uliotumiwa na kirusi hicho ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka, pamoja na wale waliokuwa bado na mifumo mikongwe isiyohudumiwa tena.

Kwa nyumba ambayo kompyuta yake hutumika kuingia kwenye akaunti ya benki, kutuma ritani za kodi au kuhifadhi picha za miaka 10, hatari hiyo inastahili kupewa uzito. Kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti, inayotumika kuchapa barua tu, hatari ni ndogo zaidi, ingawa flashi zinazozunguka kutoka duka moja la kuchapisha hadi jingine nazo ni njia ya virusi isiyohitaji intaneti.

Wengi hushangaa kwa nini kompyuta yenye afya nzuri ikataliwe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inadai kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, vigezo ambavyo mashine nyingi zinavyo. Kikwazo kiko kwingine. Inadai pia kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Za kizazi cha saba na kurudi nyuma zimeachwa, isipokuwa chache mno.

Kizazi cha prosesa hujulikana kwa namba iliyoandikwa baada ya jina lake. Prosesa ya i5-7200U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, na i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Jina la i5 au i7 peke yake halimwambii mnunuzi lolote kuhusu umri wa mashine, kwa kuwa i7 ya mwaka 2013 ni kongwe kuliko i3 ya mwaka 2018, na Windows 11 inaikataa ya kwanza na kuikubali ya pili.

Hapa ndipo anayenunua kompyuta iliyokwishatumika anapopaswa kuwa macho. Mashine ya kizazi cha nne au cha sita inaweza kuingizwa Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na ikawaka vizuri ikiwa juu ya meza ya muuzaji. Microsoft imekwisha kutamka kwamba kompyuta zilizowekewa mfumo huo bila kukidhi vigezo hazina haki ya kupata masasisho. Mnunuzi wa namna hiyo anakuwa amelipia upya tatizo lile lile alilotaka kulikimbia. Swali la kumuuliza muuzaji, iwe Kariakoo au kwingineko, si kama kompyuta ina Windows 11, bali ni prosesa yake ni namba ngapi.

Kabla ya kufika huko, upo uchunguzi usiogharimu kitu. Zipo kompyuta zenye TPM 2.0 ambayo imezimwa tu katika mipangilio ya awali, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Fundi mwaminifu huiwasha kwa dakika chache, na iwapo prosesa ni ya kizazi cha nane au zaidi, safari ya kununua kompyuta nyingine inaishia hapo.

Kwa zile zilizokataliwa kabisa, Microsoft iliweka muda wa kuvuta pumzi. Mpango wa masasisho ya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulipotangazwa, uliwekewa ukomo wa Oktoba 13, 2026 na ada ya dola 30, ingawa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft aliruhusiwa kujiunga bila kulipa. Mpango huo unaziba kasoro za usalama tu, hauleti jambo jipya. Ni muda wa kupanga, si mahali pa kuishi.

Ama kuhusu Mac, sifa zake nyingi ni za kweli. Tangu Novemba 2020, Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe kuanzia M1, kompyuta zake mpakato zimekuwa na kasi kubwa huku zikitumia umeme kidogo, na betri yake hudumu kwa saa nyingi kuliko ilivyozoeleka. Katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Wapo pia wanaoinunua kwa sababu ya tufaha lililong'atwa linaloonekana mgongoni mwake. Hilo ni suala la heshima ya mtu, nje ya mjadala huu.

Gharama yake haiishii kwenye bei ya dukani. Katika Mac mpakato za sasa, RAM haiongezeki baada ya kununua, kwa hiyo anayechukua yenye kumbukumbu ndogo leo ataishi nayo hadi mwisho. Matengenezo yake yanahitaji fundi anayezifahamu, na vipuri vyake si vya kuokota popote. Ipo pia kero ndogo ambayo huwakuta wahamiaji siku ya kwanza: flashi au diski ya nje iliyoandaliwa kwa mtindo wa NTFS wa Windows husomeka kwenye Mac, lakini haiandikiki. Dawa yake ni kuiandaa upya kwa mtindo wa exFAT, baada ya kuhamisha kwanza kilichomo.

Onyo kubwa zaidi linamhusu anayevutiwa na Mac za bei nafuu zilizotumika. Nyingi kati ya hizo zina prosesa za Intel. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo wake kuzikubali Mac za Intel, na hata hilo linazikubali chache tu. Anayekimbia Windows 10 iliyokoma huduma na kwenda kununua Mac ya mwaka 2015 anatoka chumba kimoja kibovu na kuingia kingine.

Zipo pia Chromebook, zinazotumia mfumo wa kampuni ya Google. Ni nyepesi, hazisumbui na zinafaa kwa mwanafunzi, lakini kazi zake nyingi zinategemea intaneti. Nyumba inayonunua bando la siku kwa siku itaihisi gharama hiyo. Kila Chromebook, tena, ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho inayohesabiwa tangu modeli ilipotoka kiwandani, si tangu ilipouzwa.

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa kidogo na mafundi wa mitaani, labda kwa kuwa haina faida ya kuuza chochote. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na leo inaendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazobeba tovuti za dunia. Hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake. Matoleo yake ya nyumbani ni mengi; yanayomfaa mgeni ni Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, ambayo sura yake haiko mbali na Windows. Mint 22 imeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029.

Sifa yake kubwa kwa anayesitasita ni kwamba hujaribiwa kabla ya kuwekwa. Faili la Mint lina ukubwa wa takriban gigabaiti 3. Likiandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu ya kazi hiyo, kompyuta huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya diski. Mwenye nyumba anaweza kuangalia kama sauti inatoka, kama Wi-Fi inashika, kama printa inatambulika, kisha akazima, akaondoa flashi, na Windows yake ikarudi kama ilivyokuwa. Majaribio hayo yasirukwe, kwani baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, na printa za aina fulani zinahitaji kazi ya ziada.

Jambo jingine litakalowafurahisha waliochoshwa na flashi zinazorudi kutoka kwa wachapishaji zikiwa na mafolda yaliyofichwa na njia za mkato za ajabu: virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux huonekana kama mafaili ya kawaida yanayoweza kufutwa. Si kwamba Linux haina kasoro, lakini adui huyo wa kila siku hana nguvu humo.

Kinachoamua, hata hivyo, ni programu ambazo mtu hawezi kuziacha. Anayeandika barua, kutazama video, kusoma barua pepe na kuingia kwenye tovuti za benki na serikali hatapungukiwa na kitu. Vivinjari vya Chrome na Firefox vipo, na programu ya bure ya LibreOffice hufungua hati za Word na Excel. Wazo la ofisi isiyolipiwa si geni nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya aina hiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Mambo hubadilika kwa mwenye duka anayetunza hesabu kwa Tally, kwa kuwa programu hiyo imetengenezwa kwa Windows. Photoshop ipo kwa Windows na Mac, haipo kwa Linux. Hati ya Word yenye majedwali mengi ikifunguliwa kwa LibreOffice huweza kupoteza mpangilio, jambo linalomuumiza mwanafunzi anayebadilishana tasnifu na msimamizi wake kila wiki. Kwa watu wa namna hiyo, ushauri wa kuhamia Linux kwa sababu tu ni bure ni ushauri mbaya, na kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi huwafaa kuliko Mac mpya.

Njia rahisi ya kulitambua hilo ni kuandika kwenye karatasi kila programu inayofunguliwa nyumbani kwa muda wa wiki mbili, pamoja na jina la anayeifungua. Mara nyingi baba ndiye anayeamua kuhusu kompyuta, ilhali anayeitumia kwa kazi ya kipato ni mama au kijana wa chuo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba uzito wa kompyuta nyingi za zamani hautokani na Windows. Unatokana na diski inayozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD na kuongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8 huipa mashine ya mwaka 2014 uhai ambao mwenyewe hakuutarajia, kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Ikiambatana na Linux, kompyuta hiyo huweza kumtosha mtoto wa sekondari hadi amalize masomo.

Uamuzi wowote utakaochukuliwa, mafaili yanakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kwamba inasomeka, kabla fundi hajagusa chochote. Na iwapo kompyuta ya zamani itauzwa au kugawiwa, diski yake isafishwe kwa kutumia programu ya kazi hiyo au itolewe kabisa, kwani faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurejeshwa na yeyote atakayeinunua.