Chuo cha Serikali, Mfuko wa Mzazi

Nchini Kenya, ugomvi wa pesa za vyuo vikuu vya umma una tarehe. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba. Kulikuwa na amri, na aliyeitoa alijulikana, kwa hiyo wapinzani wakapata mlango wa kubisha. Butembo na Beni, Kivu Kaskazini nchini Kongo, mlango huo hauonekani. Hakuna aliyetia saini karatasi ya kupunguza fungu la Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori, Butembo, wala la kile cha Semuliki, Beni. Hata hivyo, gharama za vyuo vya umma nchini Kongo hubebwa zaidi na minervali, yaani karo wanayolipa wazazi.

Pesa hukatwaje bila amri? Kuna njia tatu. Ya kwanza, bajeti hupigiwa kura Kinshasa, lakini fungu la uendeshaji hutoka kidogo au halitoki kabisa. Ya pili, fungu huandikwa kwa franka za Kongo huku kompyuta, mafuta ya jenereta na dawa za maabara vikinunuliwa kwa dola; franka ikishuka, fungu nalo limepungua ingawa tarakimu ni ileile. Ya tatu, asistanti wa chuo huajiriwa kwa barua halali, kisha hukaa miaka mingi bila jina lake kuingia kwenye listi ya malipo ya serikali. Anaishi kwa primu, yaani nyongeza inayotolewa na chuo, na primu hutoka kwenye minervali. Mkono mtupu haulambwi. Chuo kinachoundwa kwa amri bila pesa lazima kimgeukie mzazi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na mwanafunzi alipata basari ya serikali, yaani posho ya masomo. Madeni ya nchi ya miaka ya 1980 yakaifuta posho hiyo. Mwaka 1989 taasisi za binafsi ziliporuhusiwa, jimbo katoliki la Butembo-Beni chini ya Askofu Emmanuel Kataliko lilianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Butembo ikajivunia kujijengea bila kungoja Kinshasa, na ilistahili. Lakini sifa hiyo ina gharama: mzazi akizoea kulipa kila kitu, serikali nayo huzoea kutolipa.

Ndiyo maana vita vya pesa hizi huwakutanisha wasiostahili kupigana. Primu ikichelewa, profesa humgomea mwanafunzi. Minervali ikipanda, mwanafunzi humshambulia rekta. Januari 2020 ongezeko la malipo liliwasha ghasia katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Watu walikufa, mabweni yakafungwa na wakazi wake wakatimuliwa. Kwetu, anayelipa mara nyingi ni mkulima wa kakao wa Beni ambaye tangu mauaji ya raia yalipoanza 2014 kwenda shambani ni kuhatarisha roho. Mavuno yakipotea, mtoto wake husimamishwa mlangoni siku ya mtihani.

Kumpata wa kumuuliza si rahisi. Tangu 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Gavana ni askari, na wabunge wa mkoa wameacha kuketi. Kuwa na mtoto wa nyumbani wizarani hakukutosha pia: Muhindo Nzangi, mzaliwa wa mkoa huu, alikuwa waziri wa elimu ya juu maprofesa walipogoma mwanzoni mwa 2022, wakidai mapatano yao na serikali, yaliyofanyika Bibwa, yatekelezwe.

Amebaki mbunge wa taifa. Kikao cha bajeti hufunguliwa Kinshasa kila 15 Septemba, na hapo ndipo ugomvi huu unapostahili kupelekwa. Kamati ya wazazi, chama cha wanafunzi na chama cha maprofesa vimfuate mbunge pamoja, vimwulize maswali mawili: mwaka jana chuo chetu kiliandikiwa kiasi gani, na kiasi gani kilifika? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo pesa iliyokatwa.