Mdudu Anayesafirishwa na Jirani

Chukua mgomba ulioangushwa na upepo pande za Suneka, kunakoteremka kuelekea Rongo. Osha udongo kwenye tunguu lake, kisha lipasue kwa panga. Ukikuta ndani pametobolewa vijia vyeusi vinavyopishana huku na huko, usiulaumu upepo, maana wenyewe umemalizia tu. Fuata kijia kimoja hadi mwisho utamkuta mhusika: buu mweupe, mnene, asiye na miguu, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia. Huyo ni mtoto wa fukusi wa migomba.

Fukusi mzima ni mdudu mweusi, mgumu wa gamba, mwenye mdomo mrefu uliopinda, na urefu wake ni milimita 10 hadi 15. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kulikotoka migomba yenyewe, na leo yupo karibu kila nchi ya joto inayolima ndizi. Mtu angedhani aliyeizunguka dunia hivyo ni hodari wa safari. Wapi! Mabawa anayo lakini huruka kwa nadra sana. Hutembea usiku, tena polepole, na mchana hujificha chini ya majani makavu na magogo yaliyooza. Ukimgusa hujifanya maiti. Hata uzazi wake ni wa kusuasua, kwani jike hutaga yai moja hivi kwa wiki. Kinachomfaa ni umri, kwa sababu anaweza kuishi miaka miwili na zaidi.

Basi amefikaje Kisii na Nyamira? Kwa mikono yetu. Anayeanza shamba la ndizi huku Gusii aghalabu haendi dukani. Huenda kwa jirani, kwa shemeji au kwa mama mkwe, akachimbuliwa machipukizi bure na kurudi nayo begani. Ni ukarimu wa kweli, na sitaki kuutia doa. Lakini ndani ya tunguu la chipukizi hilo huenda kuna mayai na mabuu, na kwenye udongo ulioshika mizizi huenda kuna abiria wa pili, mbaya kuliko wa kwanza.

Abiria huyo ni kuvu inayoleta mnyauko fuzari, ambao wengi huuita ugonjwa wa Panama. Kuvu hii hukaa udongoni na kuingilia mizizini, kisha huziba mishipa inayopandisha maji. Majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka pembeni, huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kulizunguka gogo. Ukilikata gogo utaona mistari au duara za rangi nyekundu ya udongo. (Ukiona utelezi wa manjano unatoka, huo ni ugonjwa mwingine, mnyauko wa bakteria, ulioonekana magharibi mwa Kenya mwaka 2006 baada ya kuitesa Uganda.) Kuvu ya Panama haina dawa, na mbegu zake zinaweza kulala ardhini miongo kadhaa zikisubiri mgomba mwingine.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia walieleza kwamba wamepata kuvu hii, ikiwa hai, juu ya magamba ya fukusi waliokamatwa katika mashamba yenye ugonjwa. Kwa hiyo mdudu anaweza kuibeba kutoka mgomba hadi mgomba, na vidonda anavyotoboa kwenye tunguu ni milango iliyo wazi.

Hapa pana jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Wawili hawa hawapendi ndizi zile zile. Ndizi za kupika za nyanda zetu za juu ndizo fukusi anazozitafuna kwa raha, ilhali kwa kawaida huistahimili kuvu iliyozoeleka Kenya. Ndizi ya Kampala na sukari ndizi ndizo kuvu hiyo inazoziua. Mashamba ya Gusii ni madogo, na aina hizi husimama bega kwa bega. Fukusi aliyezaliwa kwenye tunguu la matoke hakatazwi na yeyote kutembelea Kampala iliyo hatua mbili mbele.

Baridi imetusaidia kiasi. Uchunguzi wa Uganda na kwingineko umeonyesha fukusi hupungua sana kuanzia mita 1,600 hivi kwenda juu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na Keroka na Nyansiongo ziko juu zaidi. Joto likiendelea kupanda, sioni kwa nini mdudu naye asipande.

Kuna mfano mwingine wa ushirika wa aina hii, nao unawahusu waliopanda parachichi. Mwaka 2017 mtafiti Trudy Paap alimgundua Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mdudu wa milimita mbili kutoka Asia anayetoboa miti hai na kupanda humo kuvu ya ukoo wa fuzari ili watoto wake waile. Anaua miti ya mijini kwa wingi, na kwingineko, kama Israeli na California, ameshambulia parachichi. Huyo husafiri ndani ya kuni. Mgomba si mti, kwa kweli ni mmea laini wenye gogo la maganda ya majani, lakini njia ya kuingilia haitofautiani: mtu amebeba kitu.

Mitego ipo, na ni rahisi. Kata kipande cha gogo la mgomba uliovunwa, kipasue kwa urefu, ukilaze kando ya shina upande uliokatwa ukitazama chini. Harufu huwavuta fukusi usiku, nawe asubuhi unawaokota na kuwaua. Chipukizi limenywe tunguu hadi libaki jeupe, kisha litumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hilo huua mayai na minyoo ya mizizi, ila haliponyi mche ambao kuvu imekwisha kuingia mishipani.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 chuo cha JKUAT na taasisi ya utafiti ambayo sasa ni KALRO, yenye kituo Kisii, wamehimiza miche ya maabara. Miche hiyo hutoka safi, lakini usafi si kinga. Ukiipanda kwenye shimo ulikong'olewa mgomba mgonjwa, fukusi na kuvu vitaipokea. Kuliacha shamba bila ndizi kwa miaka ni ushauri mzuri kwa mwenye ekari 20; mwenye robo ekari Nyamira ale nini?

Wengi wameiacha Kampala na kuhamia Grand Nain na Williams, ambazo kuvu ya zamani haiziwezi. Ila mwaka 2013 aina mpya ya kuvu hiyo, inayoziua hata hizo, ilipatikana katika shamba la biashara jimboni Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 2019 ikaonekana kisiwani Mayotte. Bado haijatangazwa Kenya.